Kilomita 150 nyuma ya milima: kuunda sanduku la redio ya ridhaa kwa ajili ya dharura

SWALI: Mimi ni mwanachama wa kikundi cha uokoaji cha kujitolea. Nimepata leseni ya redio ya ridhaa (ile ya watu binafsi wasiofanya biashara) hivi karibuni na ninayo redio ya mkononi ya VHF, yaani ya masafa ya juu sana, yenye wati 5. Tunataka kuunda sanduku la mawasiliano litakaloweza kubebwa na watu wawili hadi mahali palipokumbwa na mafuriko au tetemeko, ambapo minara ya simu imezimika. Makao makuu yetu yako umbali wa kilomita 150 na katikati kuna milima. Wenzangu wanashauri tununue redio ya HF (mawimbi mafupi) ya wati 100 na betri ya gari. Je, tuchukue redio gani, betri ya ukubwa gani, na antena ya namna gani?

JIBU: Ndugu muulizaji, naomba niyajibu maswali yako kwa kuyapindua, nianze na antena, nifuatie betri, na redio yenyewe ije mwisho, kwa sababu katika mawasiliano ya dharura huo ndio uzito halisi wa mambo haya. Redio ya gharama kubwa iliyofungwa kwenye antena isiyofaa haitasikika makao makuu, ilhali redio ya kawaida yenye antena iliyokatwa vizuri itasikika.

Kilomita 150 zenye milima katikati ni umbali mgumu kuliko hata kilomita 1,500. Redio yako ya VHF huhitaji njia iliyo karibu wazi kati ya antena na antena, kwa hiyo mlima wa kwanza tu huikatisha. Mawimbi ya HF yanayosafiri kwa kuambaa ardhi nayo hufifia baada ya makumi machache ya kilomita, hasa penye miamba na udongo mkavu. Na ukitumia antena ya wima, ambayo wengi huipenda kwa kuwa ni rahisi kuifunga juu ya gari, sehemu kubwa ya nguvu huondoka kwa pembe ndogo, hugonga ionosfia (tabaka za juu za anga zinazorudisha mawimbi ardhini) mbali sana, na kurudi ardhini mamia ya kilomita kupita watu unaowatafuta. Mtu aliye nchi nyingine atakusikia waziwazi, na makao makuu yako hayatasikia chochote.

Dawa yake ni kuyarusha mawimbi karibu wima kwenda juu, ili ionosfia iyarudishe chini yakianguka kama manyunyu juu ya eneo lote linalokuzunguka hadi kilomita mia tatu au nne. Kwa tabaka lililo kilomita 300 hivi juu ya ardhi, kituo cha kilomita 150 hufikiwa kwa pembe ya digrii 76 hivi, na kwa pembe hiyo mlima hauna la kuzuia hata kama umekaa bondeni. Sharti ni kwamba masafa (yaani frikwensi, si umbali) yasizidi kiwango ambacho ionosfia inaweza kukirudisha saa hiyo, kwani yakizidi, mawimbi hupenya na kupotelea angani. Mchana bendi (kundi la masafa) ya mita 40, yaani megahezi 7, mara nyingi hufaa. Jua likishazama kiwango hicho hushuka, nawe huna budi kuhamia bendi ya mita 80, inayoanzia megahezi 3.5. Kukaa kwenye mita 80 mchana kutwa nako si suluhisho, kwa sababu tabaka la chini la ionosfia, ambalo huundwa na mwanga wa jua, hunyonya sana masafa hayo. Kwa hiyo sanduku la bendi moja litakutumikia nusu ya siku tu. Kati ya bendi hizo mbili kuna kipande chembamba cha kilohezi 5351.5 hadi 5366.5, kilichotengewa redio za ridhaa na mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2015 kwa nguvu ndogo ya wati 15 tu. Kama mamlaka inayotoa leseni yako imekiruhusu, kijaribu nyakati za magharibi, pale mita 40 inapoanza kukatika na mita 80 bado haijatulia.

Antena ninayoishauri ni dipoli ya waya (mikono miwili sawa, kebo ikiungwa katikati) yenye viungio, inayofungwa kwa umbo la V iliyopinduliwa, katikati juu na ncha chini. Urefu wa dipoli nzima kwa mita hupatikana kwa kugawanya 143 kwa masafa ya megahezi. Katika Kanda ya 1 ya Umoja wa Kimataifa wa Redio za Ridhaa, inayojumuisha Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati, vituo vya dharura hukutana karibu na megahezi 3.760 na 7.110, basi tukate kwa ajili ya hapo. Kwa 7.110 tunapata mita 20.1, yaani mita 10.05 kila upande, kwa 3.760 tunapata mita 38, yaani mita 19 kila upande. Kila mkono utakuwa na kipande cha kwanza cha mita 10, kihami kidogo (kisichopitisha umeme), kisha kipande cha pili cha mita 9, na juu ya kihami hicho patakuwa na kiungio cha kuchomeka. Kiungio kikiwa wazi una antena ya mita 40; kikichomekwa una antena ya mita 80.

Usikate waya kwa kipimo cha hesabu moja kwa moja. Ganda la plastiki la waya na ukaribu wa ardhi huifanya antena iwe kama ndefu zaidi kuliko ilivyo, nawe unahitaji akiba ya kupunguza. Tuseme umekata mita 10.30 kila upande, ukaipandisha, na kipimo cha SWR (kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena) kikaonyesha kwamba antena inakubali zaidi kwenye megahezi 6.95. Zidisha 10.30 kwa 6.95, gawanya kwa 7.11, utapata mita 10.07, punguza basi sentimita 23 kila upande. Kunja ncha na kuifunga kwanza, pima tena, na ukate baada ya kuridhika. Sehemu ya mita 40 irekebishwe kabla ya ile ya mita 80, kwa sababu kubadilisha ya ndani hubadilisha zote mbili.

Kwa kuibeba, tafuta mlingoti wa faibaglasi unaochomoka kwa vipande, wenye mita 6 hadi 7. Ufito wa kuvulia samaki hufaa ukiwa wa faibaglasi, lakini ule wa kaboni usiutumie kwa kuwa unapitisha umeme na utaharibu antena. Wengi hudhani mlingoti mfupi ni kasoro. Kwa kazi hii, kimo cha mita 6 ndicho kinachosukuma mawimbi juu. Ncha za waya zifungwe kwa kamba mita 2 au zaidi kutoka ardhini, mbali na mikono ya watu, kwani wakati wa kurusha ncha hizo huwa na volti kubwa ya kuunguza ngozi. Kabla ya kusimamisha chochote, inua macho utafute nyaya za umeme. Baada ya tufani au tetemeko, waya uliolala chini hauna uhakika wa kuwa umekufa, kwa hiyo hata kamba ya antena isipite karibu nao. Radi ikisikika, antena ishushwe.

Sasa betri. Betri ya gari imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, na huharibika ikizoezwa kutumika hadi chini. Kwa afya yake usitumie zaidi ya nusu ya ujazo wake. Ina asidi, ni nzito, na volti yake hushuka mapema. Redio nyingi hutengenezwa kwa volti 13.8, zikivumilia tofauti ya asilimia 15, maana yake chini ya volti 11.7 huanza kukoroma au kujizima, na betri ya asidi iliyotumika nusu hufika huko kila unapobonyeza kitufe cha kurusha. Chagua betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma, inayoandikwa LiFePO4, ya seli nne. Volti yake hukaa karibu na 13 kwa sehemu kubwa ya matumizi, na ile ya ampea-saa 20 huwa na kilo mbili na nusu hivi, wakati ya asidi ya ujazo huohuo hukaribia kilo sita.

Ukubwa wake usikisiwe, upigiwe hesabu. Chukua redio ya wati 20 inayotumia nusu ampea ikisikiliza na ampea 8 ikirusha, nayo irushe moja ya tano ya muda. Wastani wake ni 0.4 kuongeza 1.6, yaani ampea 2. Ukitumia asilimia 80 ya betri ya ampea-saa 20, una saa 8 za kazi. Chukua sasa redio ya wati 100 inayotumia ampea 1 ikisikiliza na ampea 20 ikirusha: wastani unakuwa ampea 4.8, na betri ileile inakupa saa 3 na dakika 20. Kwa sauti matumizi halisi huwa pungufu kidogo, kwa sababu mkondo hupanda na kushuka pamoja na maneno, lakini uwiano kati ya redio hizo mbili haubadiliki sana. Je, wati 80 za ziada zinanunua nini? Tofauti ya 100 na 20 ni desibeli 7 (kipimo cha uwiano wa nguvu), ambayo kwenye mshale wa mpokeaji ni zaidi kidogo ya alama moja ya S, ngazi za kupimia ukubwa wa mawimbi yanayoingia. Kwa hiyo jibu langu kuhusu redio ni hili: nunueni ya wati 20 yenye bendi zote za HF na matumizi madogo inaposikiliza, na fedha itakayobaki iende kwenye betri ya pili. Wati 100 zina kazi yake makao makuu, penye umeme wa uhakika.

Waya wa kutoka betri hadi redio hupuuzwa sana, nao huleta hitilafu ambayo watu huilaumia redio. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 2, kwenda na kurudi, hula karibu volti 0.9 kwa mkondo wa ampea 20. Wa milimita za mraba 4 hula volti 0.35 tu. Hata kwa redio ndogo tumieni huo mnene. Fyuzi ikae kwenye waya chanya, jirani kabisa na betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote dhidi ya moto na si redio peke yake. Chagueni aina moja ya kiunganishi kwa kila kitu, kwa mfano Anderson Powerpole, ambayo haina dume wala jike, ili betri, redio na chaja viingiliane gizani bila kubahatisha.

Paneli ya sola ya wati 60 hutoa ampea 3 hivi jua likiwa kali, nayo kwa saa 5 za jua zuri hurudisha takriban ulichotumia katika zile saa 8. Jihadharini na vidhibiti chaji vya bei ya chini, maana vingi hutoa kelele zinazofunika bendi yote ya mita 40. Kabla ya kununua, sikilizeni redio kidhibiti kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa.

Redio yako ya VHF haiachwi nyuma. Itaunganisha sanduku na wenzenu walio kijijini au kwenye boti, na kwa ajili hiyo ongezeni ya pili pamoja na antena ya waya inayoweza kutundikwa juu ya mti. Kebo ya antena iwe fupi: mita 10 za aina nyembamba iitwayo RG-58 hupoteza karibu desibeli 2 kwenye megahezi 145, hasara ya zaidi ya theluthi ya nguvu, wakati kwenye megahezi 7 kebo hiyohiyo hupoteza chini ya nusu desibeli. Pangeni masafa ya moja kwa moja bila kutegemea ripita (kituo kinachopokea na kurusha tena mawimbi), kwa kuwa huenda ripita imekatikiwa umeme pamoja na minara ya simu.

Ndani ya sanduku pawe na karatasi na penseli. Ujumbe wa dharura huandikwa kabla ya kusomwa, ukiwa na namba, kiwango cha uharaka, kituo ulikotoka, saa kwa UTC (saa ya kimataifa) na hesabu ya maneno, ili mpokeaji ahesabu na kujua kama kuna neno lililopotea. Barua pepe kwa redio kupitia mfumo uitwao Winlink ni nyenzo nzuri kwa orodha ndefu za dawa au vifaa, lakini kompyuta ndogo inaweza kutumia ampea nyingi kuliko redio inayosikiliza, basi ihesabiwe kwenye betri. Kumbukeni pia kwamba sheria za redio ya ridhaa haziruhusu ujumbe kufichwa kwa msimbo. Kila unachosema kinaweza kusikika na yeyote, kwa hiyo majina ya waliofariki au ya wagonjwa yasitajwe hewani bila sababu ya lazima.

Kuhusu leseni, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 uliongeza kwenye kanuni za kimataifa kifungu kinachohimiza nchi ziruhusu vituo vya ridhaa vijiandae kwa maafa. Utekelezaji ni wa kila nchi, basi iulizeni mamlaka yenu mapema kama mnaweza kupeleka ujumbe kwa niaba ya watu wasio na leseni, na mpate jibu hilo kwa maandishi.

Nimesisitiza maandalizi kwa sababu historia inayathibitisha. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipokata mawasiliano ya visiwa vya Andaman na Nicobar, kikundi cha redio ya ridhaa kilichoongozwa na Bharathi Prasad kilikuwa tayari mjini Port Blair tangu mwanzoni mwa mwezi huo, antena zikiwa juu na redio zikifanya kazi, kikaweza kuunganisha visiwa na India bara mara moja. Nanyi basi pangeni siku ya majaribio kila mwezi, mchana na usiku, kutoka bondeni na kutoka mlimani, na andikeni ni bendi ipi iliyofika makao makuu saa ngapi. Betri ipimwe siku hiyohiyo na ichajiwe kwa chaja ya aina yake, isiyozidi volti 14.6.

Kutokana na majaribio hayo, tengenezeni ratiba ya karatasi yenye nakala mbili, moja ndani ya kifuniko cha sanduku na nyingine makao makuu: saa za kuitana, masafa ya kwanza, masafa ya pili, na dakika ambayo pande zote mbili zitahamia hapo bila kuulizana iwapo hakuna aliyesikika kwenye ya kwanza.