Jibu: Kreatinini ya mama iko sawa, mkojo wa nini tena?

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kwa nini daktari anataka mkojo wa bi mkubwa, mwenye sukari, ilhali kreatinini ya damu (taka ambayo figo huitoa, hupimwa kujua hali ya figo) imetoka kawaida. Mimi niko na daktari. Kreatinini huchelewa: figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu na namba bado ikasoma vizuri. Tena hutokana na misuli, na umesema bi mkubwa kakonda, basi yake inaweza kuwa chini hata figo zikiwa na shida.

Kwa wenye sukari, mara nyingi albumini (protini ya damu inayovuja figo zikiumia) kwenye mkojo ndiyo dalili inayotangulia. Apimwe uwiano wa albumini na kreatinini, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya 30 mg/g ni kawaida. Ikipita 300, figo zimo hatarini kuzidi kuharibika hata kama zinachuja vizuri leo. Homa au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) huipandisha namba hiyo, kwa hiyo kipimo hurudiwa. Ugonjwa sugu wa figo husemwa tatizo likidumu miezi 3. (Sistatini C, kipimo kingine cha damu cha figo, ipo, ila ghali. Iache kwanza.)

Na hizo diklofenaki, dawa za maumivu anazotumia kwa magoti, mwambie daktari leo leo: zinaweza kuumiza figo.