Mkondo wa amali unahitaji chuma cha kuharibu

Mmeuliza wiki hii: je, mkondo wa amali katika sekondari, yaani ule wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ni fursa kwa watoto wetu, au ni mahali pa kuwasogeza walioshindwa masomo? Nina karakana ya kuchomelea mageti na madirisha hapa Dodoma, na kila mwaka napokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Jibu langu ni kwamba ni fursa kubwa, lakini itasimama au kuanguka kwa jambo ambalo silisikii likijadiliwa: vifaa vya kutumika na kuisha.

Kuchomelea hakufundishwi ubaoni. Kijana anayeanza, kijiti cha kuchomelea kinamgandia kwenye chuma, anakivuta, kinaganda tena. Akikiinua mno moto unakatika, akikimbiza mkono maungio yanabaki na matundu. Namwambia asitegemee macho peke yake, asikilize pia, maana moto uliokaa sawa unalia kama mafuta ya kukaangia. Akimaliza anagonga ganda kwa nyundo, tunatazama wote kilichopo chini yake. Mwanzoni hakipendezi. Anakata kipande kingine, anaanza upya. Mkono unajifunza kwa kuharibu chuma kingi, na pakiti nzima ya vijiti inaweza kuisha asubuhi moja wakifanya mazoezi vijana kumi.

Sasa, nani analipia hiyo pakiti? Mitaala mipya ilianza Januari 2024 chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na amali ikaingia kidato cha kwanza katika baadhi ya shule. Nimeifurahia sana hatua hiyo. Lakini ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 25,000 kwa mwaka, ilipangwa kwa kufikiria chaki na karatasi. Tukijenga karakana, tukanunua mashine, tukasahau vijiti, mabomba na mawe ya grenda ya kila muhula, tutakuwa na jengo zuri lililofungwa kufuli. Wapo vijana wanaonifikia wakiweza kuchora aina zote tano za maungio kwenye daftari, vizuri kabisa, ila hawajawahi kuwasha mashine. Simlaumu mwalimu wao. Angewapa nini wachomelee?

Nchi hii si mgeni wa mambo haya. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zimetoa mafundi na wahandisi ambao wengine wetu tumefundishwa kazi nao.

Kuhusu dhana kwamba amali ni ya waliofeli, sitasema mengi. Fundi asiyejua hesabu za vipimo anapoteza chuma cha mteja, kwa hiyo nileteeni na wale wanaofaulu hisabati.

Jambo la pili ni walimu. Mitaani kuna mafundi wenye mikono ya ajabu waliojifunza kwa kumfuata fundi mwingine, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kurasimisha ujuzi wao. Kwa nini fundi aliyerasimishwa asiingie shuleni siku moja kwa wiki, alipwe posho, asaidiane na mwalimu wa somo? Mwalimu ana nadharia na usalama, fundi ana kasi na mbinu za kazi.

Na pesa ya vifaa, sehemu yake tunayo tayari. Halmashauri zinanunua madawati, meza na viti vya shule mara kwa mara. Sehemu ya oda hizo ipewe shule za amali, watengeneze wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, fundi akikagua kila kiungo kabla dawati halijatoka. Chuma kitakuwa kimelipiwa na oda yenyewe, na masalia yatawafaa kidato cha kwanza kwa mazoezi. Mkuu wa shule yeyote wa hapa Dodoma atakayetaka kujaribu, mimi niko tayari kuja Jumamosi na mashine yangu.