Maswali na majibu: Pesa ya kiwanja ikae wapi?

Tangu nianze kujibu barua zenu, swali la akiba ya nyumba ya kwanza ndilo linaloongoza. Nilikaa dirishani benki hapa Mwanga, Kigoma, miaka kadhaa, na karibu kila mteja aliyekuja kufungua akaunti alianza kwa kuuliza riba. Mimi huanza kwingine: pesa yako inaingia lini, na utaitoa lini?

*Shikamoo dada. Nauza dagaa Kibirizi. Giza likiwa zuri nabakiza laki mbili hata tatu, mbalamwezi ikiingia nazila zote. Nataka kiwanja Gungu. Benki wamenishauri akaunti ya malengo inayokata kila tarehe 25. Niifungue?*

Marahaba mdogo wangu. Akaunti ifungue, ila hiyo tarehe 25 ikatae. Aliyekupangia amekufikiria kama mtu wa mshahara. Wewe kalenda yako iko angani: dagaa wanavuliwa usiku wa giza, usio na mwezi. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wa ukutani una 30 au 31, kwa hiyo giza lako linasogea nyuma kidogo kila mwezi. Leo tarehe 25 inakukuta umetoka kuuza. Baada ya mwaka giza limesogea siku kama kumi na moja, na tarehe hiyohiyo inakukuta mbalamwezi, mitumbwi imepaki na wewe unakula mtaji. Benki nyingine hutoza adhabu makato yakikuta akaunti tupu, kwa hiyo unaweza kujikuta unalipia akiba ambayo hukuiweka.

Omba akaunti ya malengo ambayo unaweka mwenyewe. Siku unayofunga hesabu za giza, kabla hujalipa deni la chumvi wala la gunia, pita kwa wakala aliye karibu na mwalo uweke kiasi ulichojipangia. Giza likiwa baya weka hata elfu ishirini, ili mkono usisahau njia. Kadi usichukue. Uzuri wa akaunti ya malengo ni kwamba kutoa kuna masharti, nawe unayahitaji hayo masharti kuliko riba.

Kabla ya hapo, kuna jambo moja naomba ulisikie. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu. Wenzako wengi waliokuwa wameanza kuweka pesa ya kiwanja waliila yote, na siwalaumu, watoto lazima wale. Kwa hiyo gawa mafungu mawili. La kwanza likae akaunti ya akiba ya kawaida, lifikie chakula na kodi ya miezi mitatu. Likishajaa ndipo uanze kujaza la kiwanja. Utachelewa, lakini ziwa likifungwa tena kiwanja chako hakitaliwa.

*Mimi ni mwalimu, Kasulu. Nina milioni tano, nataka ziwe malipo ya awali ya mkopo wa nyumba baada ya miaka miwili. Niziweke amana ya muda maalumu au UTT?*

Mwalimu, hesabu kwanza. Tuseme benki inakupa asilimia 8 kwa mwaka kwenye amana ya muda maalumu, yaani pesa unayoifunga benki kwa muda mliokubaliana. Milioni tano inazaa laki nne, serikali inakata kodi ya zuio asilimia 10 ya hiyo riba, unabaki na 360,000. Ukiziacha kwenye akaunti ya akiba ya kawaida, tuseme kwa asilimia 2, baada ya kodi unapata 90,000, halafu ada za kila mwezi zinaila taratibu. Kwa hiyo akaunti ya kawaida tuiweke pembeni.

Amana ya muda maalumu ni nzuri kwa anayejua tarehe yake. Mimi sikuijua. Niliwahi kufunga pesa kwa mwaka mzima, mwezi wa nane mwenye kiwanja nilichokuwa nakitamani akapata shida na kushusha bei. Nikavunja amana. Nilirudishiwa pesa yangu ileile, riba ya miezi minane yote ikapotea, na sharti hilo lilikuwa kwenye karatasi niliyoisaini bila kuisoma. Bado linaniuma. Uliza kwa mdomo, tena uonyeshwe mstari: nikivunja kabla ya muda, napoteza nini?

UTT AMIS ni kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na kwa muda wako mfupi ningetazama Mfuko wa Ukwasi. Pesa za mfuko huo zinawekwa kwenye amana za benki na dhamana za serikali, na ukitaka kutoa unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Faida yake haijaahidiwa kama riba ya amana, inapanda na kushuka. Ningekuwa wewe ningeweka milioni tatu kwenye amana ya mwaka mmoja mmoja, mbili kwenye mfuko, na makato ya mshahara yaende huko kwenye mfuko kila mwezi.

Lakini mkopo wenyewe, mwalimu! Benki nyingi hutaka uchangie asilimia 10 hadi 20 ya bei, na hutaka nyumba au kiwanja chenye hati. Viwanja vingi tunavyouziana huku kwetu vina karatasi ya serikali ya mtaa tu. Unaweza kutimiza akiba yote halafu ukakwama hapo. Anza kuulizia sasa viwanja vilivyopimwa vya halmashauri.

*Assalaam alaykum. Niko Ujiji, riba siitaki kabisa. Nibaki na kibubu?*

Wa alaykum salaam. Hapana kaka, kibubu kinaibwa na kinaungua. Amana Bank inaendeshwa kwa misingi ya sharia tangu mwanzo, na benki za kawaida kama CRDB na NBC zina huduma za aina hiyo. Kuna akaunti ya wadia, ambako pesa yako inahifadhiwa tu, na ya mudharaba, ambako mnagawana faida kwa uwiano mliokubaliana mapema. Kwa mudharaba omba uwiano huo kwa maandishi.

*Tuna mchezo wa watu ishirini, tunachanga na kupokea kwa zamu, na kijumbe anayekusanya pesa ni mwaminifu. Kwa nini nihangaike na benki?*

Mchezo unakufundisha nidhamu, na mimi nimeucheza. Ila zamu yako ikija ya tatu unashika pesa kabla hujapata kiwanja, na pesa iliyoshikwa inaonekana na ndugu. Kijumbe akihama mji huna pa kwenda. Cheza, na siku ya zamu yako pesa ilale kwenye akaunti usiku huohuo. Ukitaka kikundi chenye mkopo, tafuta SACCOS yenye leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

*Benki ikifilisika?*

Bodi ya Bima ya Amana inamlinda kila mteja katika kila benki hadi shilingi 7,500,000. Kabla ya mwaka 2023 ilikuwa 1,500,000 tu. Ukipita kiasi hicho, fungua benki ya pili. SACCOS na vikundi havimo kwenye kinga hiyo.

*Tumefunga ndoa mwaka jana. Akaunti moja au mbili?*

Ya nyumba iwe moja, yenye saini mbili. Matumizi kila mtu na yake.

*Pesa imetimia. Muuzaji anataka taslimu leo, anasema kuna mteja mwingine anatoka Burundi.*

Usitoe hata shilingi. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulize kiwanja ni cha nani na kama kina deni au kesi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ongea na majirani wa pande zote nne, mwone na mke wa muuzaji. Mkataba usainiwe mbele ya mashahidi, pesa itoke kwenye akaunti yako iingie kwenye yake ili alama ibaki. Hayo yote yanachukua siku tatu au nne. Kama huyo mteja wa Burundi hawezi kusubiri siku nne, mwache anunue.