Mnaoanza kupiga rangi, mabega yenu muanze kuyatunza sahii

Nimepiga rangi hapa Nakuru miaka 11, Section 58, Kiamunyi, mpaka Lanet, na kila mwaka naona kijana mpya anashika rola Jumatatu, ikifika Ijumaa ameshikilia bega. Si uvivu. Kazi ya dari inataka mkono ukae juu ya kichwa masaa mengi na bega halijazoea, so nawaandikia venye nimejifunza ju mimi hakuna mtu aliniambia mapema.

Langu la kulia lilinikamata nikimalizia dari za hosteli fulani. Mchana niko sawa, shida ni usiku, nikilalia upande huo naamka, na asubuhi siwezi kupeleka mkono nyuma nitoe simu kwa mfuko wa suruali. Nikadhani ni baridi, nikapaka dawa ya kuchua, nikaendelea na kazi wiki 3. Hapo ndio nilikosea kabisa. Fisio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwenye alinishughulikia baadaye alikunja ngumi akaiweka juu ya kiganja, akaniambia ona, kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na pahali kinakaa ni padogo, kwa hivyo kinashikiliwa na misuli midogo 4 inayotoka kwa kombe la bega, ule mfupa mpana wa nyuma, na ukiinua mkono kutwa nzima hiyo misuli inachoka, kano zake, zile kamba zinazoshikanisha msuli na mfupa, zinabanwa hapo juu, zinaanza kuuma.

Asubuhi kabla upande ngazi, inama, ishike na mkono mmoja, ule mwingine uachilie uning'inie tu kama ndoo kwa kamba, uzungushe polepole dakika moja, halafu badilisha. Kisha simama mgongo kwa ukuta, viwiko na mikono iguse ukuta, telezesha juu na chini mara 10. Kiuno kikianza kutoka kwa ukuta umepanda sana, shusha mikono.

Lenye naona ni la maana kuliko yote ni la tyubu. Enda kwa fundi wa baiskeli umwombe tyubu iliyotoboka, ifunge kwa nguzo urefu wa kiwiko. Kama unafanyia mkono wa kulia, nguzo ikae kushoto kwako. Kunja kiwiko, kibane ubavuni, na uweke kitambaa hapo katikati, kikianguka ujue umeachilia kiwiko. Vuta kiganja kiende nje, rudisha ukihesabu hadi 3. Mara 12, pumzika, rudia raundi 2 zingine, siku 3 kwa wiki. Itaonekana rahisi sana na kijana wa miaka 20 atataka tyubu nene ya pikipiki, tafadhali achana nayo, ukivuta kitu kizito misuli mikubwa ndio inabeba kazi na ile midogo inabaki venye ilikuwa. Ukimaliza igeukie nguzo, vuta na mikono yote viwiko virudi nyuma, kama unataka kubana kalamu katikati ya makombe ya bega.

Pushapu anzeni kwa ukuta, chini mtafika tu.

Msuli kuchoka na kuwaka kidogo ni sawa. Uchungu wa kudunga si sawa, punguza. Na ukianguka kwa ngazi mkono ukatae kuinuka, ama ufe ganzi, wachana na tyubu uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kazi yenyewe, weka fimbo ndefu kwa rola ili mikono ikae karibu na kifua, na usione haya kushuka kila nusu saa uchanganye rangi ama upige kona za chini. Mimi kupona kulinichukua karibu miezi 5, na kuna kazi mbili nzuri zilinipita nikiwa nyumbani. Kijana mwenye tuko naye sahii tyubu yake iko kwa msumari pale stoo, anaanza nayo kabla ya chai.