Mwanazuoni, sema kabla ndege haijapaa

Wahadhiri vijana hunijia wakiuliza kama kuna haja ya kuikosoa sera ya nje ya Kenya ilhali wananchi wanalia na karo na bei ya unga. Nawaambia hapo ndipo tunapohitajika zaidi. Bei ya unga mama wa Kayole anaijua dukani. Mkataba uliotiwa saini Ikulu hataujua mpaka aliyeusoma amweleze, na kuusoma ndiyo kazi tuliyosomeshwa kwa kodi yake.

Basi anza na hati. Hasira huja baadaye. Suala la kutuma polisi wetu Haiti lilipozuka, watu wengi walibishana kama polisi wetu ni mashujaa au wametolewa kafara. Wakili Dkt. Ekuru Aukot na wenzake walikwenda kortini na Katiba mkononi. Januari 26, 2024, Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kutuma majeshi nje ya nchi, lakini si polisi, na kwamba hapakuwa na makubaliano ya kisheria kati yetu na Haiti. Ilikuwa hoja ya sheria tupu, na serikali ilibidi iijibu. Machi 1 makubaliano yakatiwa saini hapa Nairobi mbele ya Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, ambaye alishindwa kurejea kwao na siku chache baadaye akatangaza kujiuzulu. Kikosi cha kwanza kilitua Port-au-Prince Juni 25, siku ileile vijana waandamanaji walipoingia Bunge letu. Katika ukumbi mmoja huku Eastlands niliwahi kusomea watu kifungu cha 240 cha Katiba, kinachohusu Baraza hilo la Usalama, kwa Kiswahili, polepole. Walioniuliza maswali makali zaidi walikuwa wazazi wa maafisa wa polisi. Mkutano wa wasomi haujawahi kunihoji hivyo.

Sudan inaniuma zaidi. Jina zuri la Kenya lilijengwa kwa subira ya miaka, katika mazungumzo ya Machakos na Naivasha, hadi mkataba wa amani wa Sudan ukatiwa saini jijini hapa Januari 9, 2005. Februari 2025 wapiganaji wa RSF, kundi linalopigana na jeshi la Sudan, ambao mwezi mmoja tu kabla Marekani ilikuwa imewatuhumu kwa mauaji ya kimbari, walikaribishwa KICC, jumba la mikutano la Nairobi, kutangaza mpango wa kuunda serikali yao. Serikali yetu ilijitetea kwamba inatoa tu jukwaa la mazungumzo. Serikali ya Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Mkulima wa Kericho hakuulizwa lolote. Ukiandika kuhusu sera ya nje, mfuate mkulima huyo: eleza uamuzi ulivyoanzia katika ukumbi wa mikutano ukaishia kwenye malipo yake. Msomaji hataiona tena Sudan kuwa mbali.

Kuna pesa pia. Warsha za hotelini zinazolipiwa na ubalozi huu au wizara ile si haramu, lakini aliyekulipa mtaje kwenye ukurasa wa kwanza. Na kipimo kiwe kimoja. Anayeikemea Marekani huku akiinyamazia Imarati (Falme za Kiarabu), au kinyume chake, amekuwa msemaji wa mtu.

Hofu naielewa. Mwaka 1982 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwekwa kizuizini bila kesi kusikilizwa, Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, akiwa mmoja wao. Leo kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kitaaluma, ila simu za wakubwa bado hulia. Niliwahi kuitwa ofisini niambiwe nipunguze makali ya makala. Niliomba nionyeshwe sentensi moja isiyo ya kweli. Haikupatikana, na makala yakatoka yalivyokuwa. Tangu hapo kila rasimu huisoma mwenzangu asiyekubaliana nami kabla haijatoka.

Usingoje nyaraka zivuje. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba hati kwa maandishi, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Taja mkataba kwa jina na tarehe, weka nakala ya barua yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman). Fanya hivyo mapema, Bunge likiwa bado halijapiga kura.