Kamera ya mzee, kahawa ya robusta na kopo la soda: jibu kwa aliyeuliza kuhusu majaribio ya filamu

Ndugu yetu wa Mbale ameuliza afanye nini na kamera ya Pentax K1000 aliyoachiwa na marehemu babake, Mungu amrehemu, pamoja na mikanda mitatu ya filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) iliyopitwa na muda tangu 2004: miwili ya rangi na mmoja wa nyeusi na nyeupe. Anataka picha zisizo za kawaida, zinazozaliwa ndani ya kamera na ndani ya dawa, si kwenye kompyuta, na karibu naye hakuna studio inayoosha filamu. Mimi naishi Jinja na nimefanya majaribio ya namna hii kwa miaka tisa, kwa hiyo nitaeleza yale tu ambayo mikono yangu imeyafanya.

Kabla ya yote, nakuomba ubadilishe jambo moja tu katika kila mkanda. Mkanda wangu wa kwanza wa majaribio ulikuwa umepitwa na muda, nikaupiga mara mbili, kisha nikauosha kwa dawa niliyoichanganya mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ulipotoka ukiwa umefunikwa na ukungu wa kijivu kuanzia mwanzo hadi mwisho, sikuwa na njia ya kujua kosa lilikuwa la umri, la mwanga au la dawa. Tangu siku hiyo natembea na daftari dogo ambamo naandika, kwa kila fremu, tundu la lenzi, kasi ya shata (kile kilango kinachofunguka kuingiza mwanga) na nilichokusudia.

Kuhusu umri wa mikanda yako, kanuni inayotumiwa na wengi kwa filamu ya rangi ni kuongeza hatua moja ya mwanga, yaani kuufanya mwanga uwe maradufu, kwa kila miaka kumi iliyopita. Yako imepita miaka ishirini na zaidi, kwa hiyo weka kipima mwanga kwenye ISO 100 badala ya 400. Ikiwa ilikaa kabatini penye joto, ongeza kidogo tena, kwa sababu joto huizeesha filamu kuliko miaka yenyewe. Tumia kwanza mkanda mmoja wa rangi peke yake, bila hila nyingine yoyote, ili ujue hali ya mingine.

Hila ninayoipenda kuliko zote ni kupiga picha mbili juu ya fremu moja. K1000 haina kitufe maalumu cha kazi hiyo, lakini inawezekana. Ukishapiga picha ya kwanza, zungusha taratibu kitasa cha kurudishia filamu hadi uhisi mkanda umekaza, kisha kishike imara kwa mkono wa kushoto. Bonyeza kile kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, na huku ukiendelea kushikilia vyote viwili, vuta wenzo wa kusogezea filamu. Shata itajikaza upya ilhali filamu imebaki mahali pake, au imesogea kwa unywele tu. Fanya zoezi hili mara kumi kamera ikiwa tupu mpaka vidole vizoee.

Jambo la kuelewa ni kwamba mwanga hujumlishwa. Penye weupe katika picha ya kwanza hapana nafasi tena ya kitu kingine, na penye giza ndipo picha ya pili itakapokaa. Asubuhi moja, kwenye mwalo wa Masese, nilimpiga mvuvi aliyesimama akikunja nyavu huku anga jeupe likiwa nyuma yake. Nilipima mwanga wa anga, nikaongeza hatua moja, naye akatoka mweusi kabisa kama mkato wa karatasi. Kisha, juu ya fremu ileile, nikapiga kwa karibu sana kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba ambacho ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2008. Lubugo hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, na mifereji hiyo huacha mistari myembamba, iliyo sambamba, juu ya kitambaa chote. Katika picha, mistari ile ilijaa mwilini mwa mvuvi, kuanzia kofia hadi magotini, pamoja na mshono mmoja wa kiraka uliopita begani pake kama kovu la zamani. Nje ya mwili wake anga lilibaki tupu.

Ikiwa picha zote mbili zina mwanga wa wastani, punguza kila moja hatua moja, yaani filamu ya 400 uipime kama ya 800. Kwa mikanda yako mikongwe, basi, ile 100 itakuwa 200. Na ukiwahi kumpelekea mtu mwingine filamu ya aina hii aioshe, mwambie asiikate. Studio moja ilinikatia picha yangu bora katikati kwa sababu fremu zilikuwa zimepandana na fundi hakuuona mpaka kati yake, nami sikuwa nimemwonya.

Sasa kuosha. Mwaka 1995, darasa la Scott Williams katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa inaweza kuosha filamu ikichanganywa na kaboneti ya sodiamu. Baadaye wapenzi wa filamu waliongeza vitamini C. Kwa lita moja ya maji tumia gramu 54 za kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka. Hapa Uganda tuna bahati, kwani kahawa ya bei nafuu iliyotokana na robusta hufanya kazi vizuri kuliko arabika ya bei ghali. Vitamini C iwe unga halisi, si vidonge vya kutafuna vyenye sukari.

Kaboneti ndiyo iliyonisumbua kuipata, hadi nilipoanza kuitengeneza kutokana na soda ya kuokea mikate. Pima gramu 86, uitandaze kwenye chombo cha chuma cha pua (usitumie sufuria ya alumini, dawa hii huila), na uichome ndani ya oveni yenye nyuzi 200 kwa muda wa saa moja. Soda hupoteza mvuke na hewa ya kaboni, na uzito wake hushuka hadi kama gramu 54. Mizani ndiyo shahidi wako: ikisoma 60, rudisha jikoni.

Yeyusha kaboneti kwanza, kisha vitamini C, ambayo itachemka mapovu, na kahawa mwisho. Subiri dakika tano mapovu yatulie, kwa maana povu likishika filamu huacha madoa. Muda ni dakika 15 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, lakini maji ya bomba ya kwangu ni nyuzi 24, nami huosha kwa dakika 11. Harufu yake ni mbaya kweli, kwa hiyo fungua madirisha. Fiksa, ile dawa ya mwisho inayoizuia filamu isiathiriwe tena na mwanga, usiitafutie mbadala wa jikoni, inunue. Hata mikanda yako ya rangi unaweza kuiosha kwa njia hii, na utapata picha nyeusi na nyeupe zenye utando wa rangi ya chungwa ambao skana huuondoa bila shida.

Wapo wanaoloweka filamu katika limau au sabuni. Nimejaribu mara mbili na sikuona kilichonigusa. Tena usimpelekee fundi filamu kama hiyo, kwa sababu inaharibu dawa zake.

La mwisho halihitaji kamera hata kidogo, na kwetu sisi tulio karibu na ikweta lina uzuri wa peke yake. Chukua kopo la soda, toboa tundu kwa ncha ya sindano, na gizani uingize karatasi ya picha ya nyeusi na nyeupe iliyojikunja kufuata ukuta wa kopo. Ziba juu kwa utepe mweusi mvua isiingie, kisha lifunge imara kwenye nguzo, tundu likielekea mashariki. Liache kuanzia 21 Juni hadi 21 Desemba. Jua litajichora lenyewe kila siku, na karatasi haioshwi kwa dawa yoyote, huwekwa moja kwa moja kwenye skana. Kule London mistari ya jua huinama, ila hapa hupanda wima kutoka upeo wa macho, nayo hutandaa kwa nyuzi 47 hivi kutoka kaskazini kwenda kusini. Panapokatika mstari, hapo palikuwa na mawingu. Kopo langu la sasa limefungwa kwenye nguzo ya tangi la maji nyuma ya nyumba, na pengo pana lililo kwenye karatasi ya mwaka jana ni la mvua za Novemba.