Mipira miwili, gunia moja

Mara kwa mara hunijia mchezaji aliyeacha mpira, anataka kurudi kwao afungue akademi. Humwacha amalize kunieleza rangi za jezi, kisha namuuliza: mwaka ambao hakuna wa kukusaidia, utanunua mipira mingapi kwa mfuko wako? Hapo hunyamaza.

Mimi nilirudi Amu, yaani Lamu, nikiwa na miaka 29, goti limeniharibikia Mombasa. Nilirudi na mbwembwe. Siku ya kwanza walikuja watoto 70. Mheshimiwa mmoja aliyekuwa akigombea kiti akatupa jezi, nyavu na kombe. Uchaguzi ukapita, simu ikawa haishikwi, na mwezi wa tatu nikabaki na watoto tisa na mpira uliotoboka. Simlaumu sana. Yeye alikuwa akitafuta kura. Mimi ndiye niliyedhani anatafuta timu.

Tangu hapo nina kanuni ya mipira miwili: namba 4 kwa wadogo wasiozidi miaka 12, namba 5 kwa wakubwa. Yote yakikatika, hiyo miwili imo kwenye gunia nyuma ya mlango wangu. Mfadhili akija, karibu. Akiondoka, mazoezi yapo.

Kosa langu jingine lilikuwa chuo, yaani madrasa. Nilipanga mazoezi kila siku baada ya Alasiri, saa ambayo watoto wanatakiwa wawe mbele ya mwalimu wao wa Kurani. Wiki ya pili mzee akaniita. Hakunigombeza. Alinimiminia kahawa barazani, akaniuliza babangu alisomea wapi. Nikamwambia, hapa hapa, kwa marehemu babako. Akacheka. "Kumbe unaniibia wanafunzi wa nyumbani kwenu!"

Tukaafikiana. Alhamisi alasiri na Ijumaa chuo hufungwa, siku hizo zangu, na Jumapili wakishatoka. Nami nikaahidi adhana ya Magharibi isiwakute uwanjani. Saa kumi na mbili kasorobo mpira unaingia guniani, hata kama kuna penalti inayosubiriwa. (Ilitokea. Mpigaji alininunia wiki nzima.) Kwa hivyo wewe unayerudi kwenu, kabla hujaandika barua kwa wafadhili, nenda kanywe kahawa na mwalimu wa chuo. Yeye akikukubali, kina mama nao wamekukubali.

Halafu kuna bahari. Tuna kiwanja cha mchanga nyuma ya mji, ambapo punda hukatiza bila kujali refa, lakini uwanja wetu mkubwa ni ufukwe wa Shela, na mwenyewe ni maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: kwetu hujaa kama saa kumi alasiri, na asubuhi kama saa nne yanakuwa yametoka mbali. Wiki moja baadaye, maji mafu, mambo hugeuka, alasiri ndiyo mchanga huonekana. Mimi mwana wa Amu nilikuwa nimeshalisahau hilo, miaka ya Mombasa ilinizoesha ratiba ya kubandika ukutani. Nilikuwa napanga koni siku ya bamvua, mtoto wa mvuvi akaniambia, "Kocha, hapo saa hizi watacheza samaki."

Chezesheni kwenye mchanga ulioloa, uliokazana. Ule mkavu hutengua vifundo. Na kusi inapovuma, sahau mipira ya juu, fundisha pasi fupi za chini.

Mechi za bara ni boti hadi Mokowe, kisha gari. Nahesabu vichwa gatini, nahesabu tena tukishuka. Asiyevaa jaketi ya kujiokolea haondoki, hata kama babake ndiye nahodha.

Watu huniuliza nimetoa wachezaji wangapi, maana yao waliofika ligi kuu. Hakuna hata mmoja. Nina manahodha wa boti, maseremala, walimu wawili, na yule niliyekuwa nikimweka benchi ndiye anayebeba gunia goti langu likivimba.

Wengine wawili niliwapoteza kwa unga, dawa za kulevya. Nikifungua daftari la zamani naona walianza kukosa mazoezi wiki kadhaa kabla hatujajua, nami nilidhani wamechoka na mpira. Kama utachukua jambo moja kwangu, chukua hili: andika majina kila siku. Mtoto akikosa mara mbili, usimngoje. Nenda kwao, piga hodi, ukae, uulize habari za nyumbani kwanza. Mara nyingi ni homa, au katumwa kisiwa cha pili, Manda. Mara nyingine sio.

Wiki ijayo mwezi unaandama, kwa hivyo alasiri ufukweni patakuwa maji matupu. Ukitaka kutuona, njoo Jumapili saa nne na nusu asubuhi, watoto wakitoka chuoni, na ubebe maji yako ya kunywa.